Jinsi ya kuchagua kizuizi cha programu kwa kompyuta ya nyumbani

Nyumba nyingi za Mombasa zina kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne watano. Mara nyingi ni laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, iliyonunuliwa mjini, imekuja na Windows ndani, na kila mtu huifungua kwa akaunti ile ile isiyo na nenosiri. Baba anajaza ritani za kodi za KRA, dada anapanga picha za madera anayouza mtandaoni, watoto wanafanya kazi za shule kisha wanatafuta gemu. Katikati ya hayo kuna flashi inayokwenda saiba kuchapisha barua, inarudi, inachomekwa tena bila mtu kuwaza lolote. Kompyuta ya namna hii haitoshelezwi na antivairasi peke yake. Inahitaji kitu kinachokataa kufungua programu isiyojulikana mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo.

Kitu hicho nitakiita kizuizi. Antivairasi hutafuta ubaya: hulinganisha faili na vitu vibaya vilivyokwisha kujulikana, au huangalia mwenendo wake ikaushuku. Kizuizi hakitafuti ubaya. Kinauliza tu kama programu hii imeruhusiwa kufanya kazi hapa, na kama haikuruhusiwa, haifunguki. Kirusi kilichoandikwa jana usiku, ambacho hakuna kampuni iliyokwisha kukiona, kinaweza kuipita antivairasi. Kwa kizuizi, kuwa kigeni tu ni sababu ya kutosha ya kukizuia. Ndiyo maana shirika la usalama wa mtandao la Australia, Australian Signals Directorate, limeweka udhibiti wa programu ndani ya hatua zake nane kuu za kujikinga, zinazoitwa Essential Eight.

Watu wakilinganisha programu hizi huanza kuhesabu vipengele: hii ina kumi, ile ina ishirini. Mimi nasema uanze na swali moja ambalo ndilo litakalokuongoza mpaka mwisho wa mwongozo huu. Dirisha la kuuliza "niruhusu au nizuie?" litakapotokea, nani atakuwa amekaa mbele ya kompyuta? Kama ni mtoto wa miaka kumi na mmoja anayetaka gemu lake lifunguke, na kitufe cha kuruhusu kiko wazi, basi kizuizi hicho hakijazuia kitu, hata kiwe cha bei gani.

Kizuizi kinamtambuaje wa kuruhusiwa

Kuna njia nne, na vizuizi vingi huzichanganya. Zijue, maana tofauti za vizuizi karibu zote zinatoka hapa.

Ya kwanza ni mahali. Kilichomo ndani ya folda za Windows na Program Files kinaruhusiwa, kilichomo kwenye Downloads au kwenye flashi kinakataliwa. Ya pili ni sahihi ya kidijitali, yaani muhuri ambao mtengenezaji huuweka kwenye faili lake. Ya tatu ni hashi, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Likibadilika hata kidogo, namba nayo inabadilika. Hii ni sahihi sana lakini ina usumbufu wake, kwa kuwa programu ikisasishwa hashi ya zamani haina kazi tena. Ya nne ni sifa: kizuizi kinauliza mtandaoni kama programu hii inajulikana na watu wengi wanaitumia salama.

Hiyo ya nne uitilie maanani sana hapa kwetu, kwa sababu nyumba nyingi zinatumia bando. Bando likiisha, kizuizi kinachotegemea mtandao kinabaki bila wa kumuuliza. Vingine hukataa kila kigeni, vingine huruhusu, vingine hurudi kwenye sahihi. Soma maelezo ya mtengenezaji upate jibu la hilo kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Ijue kompyuta uliyo nayo

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Utaona kama ni Windows 10 au 11 na ni toleo gani. Kisha nenda Settings, System, About, uangalie kama ni Home au Pro na ina RAM kiasi gani. Laptopu za ex-UK nyingi zilikuwa za maofisini, kwa hiyo usishangae kukuta Pro.

Kama ni Windows 10, ujue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, nao mwisho wake ni tarehe 13 Oktoba 2026. Ukiwa bado uko Windows 10, jiandikishe. Kuhamia Windows 11 kunataka angalau RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Hapo ndipo laptopu nyingi za bei nafuu zinapokwama, na muuzaji si lazima akwambie. Uliza kizazi cha prosesa kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 2: Tenganisha akaunti

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na haina gharama. Usipoifanya, sahau vizuizi.

Tengeneza akaunti moja ya msimamizi yenye nenosiri ambalo watu wazima wawili tu wanalijua. Akaunti nyingine zote, pamoja na ile unayoitumia wewe mwenyewe kila siku, ziwe za kawaida. Nenda Settings, Accounts, Other users (kwenye Windows 10 panaitwa Family & other users), chagua akaunti, bonyeza Change account type, weka Standard User.

Kwa nini jambo hili lina uzito hivyo? Mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika ndani ya Program Files wala ndani ya sehemu kubwa ya folda ya Windows. Sasa unganisha hilo na ile njia ya kwanza ya kutambua. Ukisema "fungua tu kilichomo kwenye folda hizi mbili", na karibu kote humo hakuna awezaye kuingiza kitu bila nenosiri la msimamizi, umeshaziba njia kubwa. Kitu kilichoshushwa kutoka mtandaoni kitaangukia mahali pasiporuhusiwa kufungua programu, na kitabaki pale pale kama faili tu. Lakini kila mtu akiwa msimamizi, kirusi kinachofunguliwa na mtu huyo kinapewa idhini zake, na kinaweza hata kukizima kizuizi chenyewe.

Hatua ya 3: Andika kinachotumika nyumbani

Chukua karatasi uandike programu ambazo nyumba yako inazihitaji kweli. Kivinjari, Word na Excel au LibreOffice, Zoom ya masomo, programu ya printa, VLC, Telegram, labda programu ya hesabu ya duka. Ukipita kumi na tano, kuna ambazo hazitumiki, zifute.

Angalia vilevile zimewekwa wapi. Bonyeza kulia kwenye ikoni, chagua Open file location. Utagundua kwamba Zoom, Telegram, Discord na nyingine kadhaa mara nyingi hujiweka ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya mtumiaji mwenyewe, wala si Program Files. Kizuizi kinachoangalia mahali kitazikataa siku ya kwanza, na mwanafunzi atakosa darasa lake. Zoom ina faili la kusakinisha la aina ya MSI linaloiweka Program Files. Telegram iko pia Microsoft Store. Rekebisha hayo mapema.

Hatua ya 4: Anza na vilivyomo ndani ya Windows

Kabla hujanunua kitu, washa ulicho nacho. Kwa nyumba nyingi hapa panatosha.

Smart App Control imo ndani ya Windows 11 tangu toleo la 22H2 la mwaka 2022. Hiki ni kizuizi cha kweli. Huuliza mtandaoni sifa ya programu, na isipopata jibu la uhakika huangalia sahihi. Kisichojulikana na kisicho na sahihi hakifunguki. Kwangu mimi ubora wake mkubwa ni kwamba hakimuulizi aliyekaa mbele ya kompyuta. Kinakataa basi, hakuna kitufe cha "ruhusu" cha kumshawishi mtoto. Udhaifu wake ni huo huo: huwezi kukiambia kiruhusu programu moja unayoiamini. Ilipotoka, ilifanya kazi tu kwenye Windows 11 iliyowekwa upya, na ukiizima hukuweza kuiwasha tena bila kuweka Windows upya. Kwa hiyo fundi akikuwekea Windows 11, mwambie asiiguse, na wewe usiizime kwa hasira siku inapokataa kitu. Iko Windows Security, App & browser control.

SmartScreen ni ile inayotoa dirisha la buluu linalosema Windows imeilinda kompyuta yako. Inafaa, lakini ina pengo ambalo watu wa flashi lazima walijue. Faili linaposhushwa kutoka mtandaoni, Windows huliwekea alama ya asili yake, na SmartScreen hutegemea alama hiyo. Alama inahifadhiwa kwa mfumo wa diski wa NTFS. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, ambazo haziwezi kuibeba. Faili likipita kwenye flashi, linafika kwako halina alama, na SmartScreen hainyanyui mdomo. Mtu anaona kimya anadhani ni usalama.

Controlled folder access ni ya tofauti kidogo. Haizuii programu isifunguke. Inazuia programu isiyoaminika isibadilishe faili zilizomo kwenye Documents, Pictures na folda nyingine zilizolindwa. Hii ndiyo kinga ya wale wanaofunga faili zako kwa msimbo kisha wakudai pesa. Imo tangu Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, hata kwenye Home. Nenda Windows Security, Virus & threat protection, Manage ransomware protection, uiwashe. Kama picha za biashara ziko diski ya D, ongeza folda hiyo mwenyewe. Angalizo: inaendeshwa na Microsoft Defender. Ukiweka antivairasi nyingine, Defender hujiweka kando na kinga hii nayo inalala.

Kisha kuna AppLocker, ambayo unaandika sheria mwenyewe kwa mahali, sahihi au hashi. Zamani ilikuwa hasa ya matoleo ya makampuni. Siku hizi Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea, pamoja na Windows 11, zinatekeleza sheria zake bila kujali toleo, ila chombo cha kuziandikia, Local Security Policy, hakimo kwenye Home. Kama una Pro na una subira ya kusoma, ndiyo ninayoipendelea kuliko zote. Huduma inayoitwa Application Identity lazima iwe inafanya kazi, la sivyo sheria zako ni maandishi tu. Maelezo mengi ya zamani yatakuelekeza kwenye Software Restriction Policies, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Microsoft imeacha kuiendeleza. Usianze nayo leo.

Mwenye Mac ana Gatekeeper tangu 2012, na kwa kawaida inamtosha alimradi asiwe na mazoea ya kuipita.

Hatua ya 5: Linganisha vya nje

Ukiona vya Windows havikutoshi, vizuizi vya makampuni mengine ni vingi. Badala ya kuvipanga kwa nyota, vipange kwa tabia.

Kuna vinavyopiga picha ya kompyuta yako kama ilivyo leo, vikaruhusu kila kilichomo, kisha vikazuia kila kipya. CyberLock, iliyokuwa ikiitwa VoodooShield, iko kwenye kundi hili. Ni rahisi kuanza navyo, ila hakikisha kompyuta ni safi siku hiyo, maana kirusi kilichokwisha kuwemo nacho kitaingizwa kwenye orodha. Kuna vinavyoangalia mwenendo, kama OSArmor: Word ikijaribu kuifungua PowerShell, chombo cha kuiamuru Windows kwa maandishi, kwa mfano, kinakatiza, kwa kuwa barua ya kawaida haina shughuli na PowerShell. Kuna vinavyofuata mahali na sahihi, kama AppGuard. Na kuna kama Comodo, ambayo kigeni inakiachia kifunguke lakini ndani ya chumba kilichotengwa, kisiguse faili zako halisi. Hicho cha mwisho ni kizuri kwa mtu mmoja anayejua anachofanya. Kwa nyumba yenye watoto naona kinachanganya, kwa sababu programu inaonekana imefunguka na mtu hajui kazi yake imehifadhiwa wapi.

Mtu aliyewahi kufanya kazi saiba atakuuliza, kwa nini usiweke Deep Freeze? Ile si kizuizi. Inairudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa upya, na kwa saiba inafaa sana. Nyumbani itakufutia kazi ya mtoto aliyoihifadhi kwenye diski iliyogandishwa. Microsoft Family Safety nayo ni ya kupanga muda na kumfungia mtoto gemu fulani. Itumie kwa hilo, usiihesabu kama kinga ya virusi.

Kwa kila kimoja unachokifikiria, pata majibu haya kwa maandishi: Kubadilisha mipangilio kunataka nenosiri? Kinafanyaje bila intaneti? Kinazuia skripti, yaani faili za amri za bat, vbs, js na ps1, au exe pekee? Kinaweka wapi kumbukumbu ya kilichozuiwa? Kinachukua RAM kiasi gani? Bei ni ya mara moja au ya kila mwaka? Swali la skripti wengi hulisahau, na ndilo linalowaponza watu wa flashi. Swali la RAM nalo si la kupuuza. Kwenye mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, kizuizi kizito kitafanya kila kitu kiwe cha kukokota mpaka mtu akizime kwa kuchoka.

Hatua ya 6: Kijaribu kwa faili zisizo na madhara

Usikubali maneno ya tangazo. Andika kwenye Start "Create a restore point", tengeneza sehemu ya kurudia, kisha ingia kwa akaunti ya kawaida ya mtoto. Huwezi kujua mtoto atakutana na nini ukijaribu ukiwa msimamizi.

Jaribio la kwanza ni la sahihi. Shusha putty.exe kutoka tovuti yake rasmi, na faili la kusakinisha 7-Zip kutoka tovuti yake rasmi. Bonyeza kulia kila moja, Properties, utafute kichupo cha Digital Signatures. PuTTY inacho. 7-Zip kwa miaka mingi imekuwa ikitoka bila sahihi, kwa hiyo kichupo hicho huwezi kukiona. Zote mbili ni programu halali kabisa. Sasa zifungue zote. Kizuizi cha mahali kitazikataa zote mbili, kwa sababu ziko Downloads. Cha sahihi kitaikubali PuTTY na kuikataa 7-Zip. Cha sifa huenda kikazikubali zote kwa kuwa zinajulikana dunia nzima. Umeshajua kizuizi chako kinafikiri vipi, bila kusoma ukurasa mmoja wa matangazo.

Jaribio la pili ni la skripti. Fungua Notepad, andika mistari miwili:

echo Nimefunguka
pause

Hifadhi kwa jina jaribio.bat, na kwenye Save as type uchague All files. Bonyeza mara mbili. Dirisha jeusi likitokea na neno lako ndani yake, kizuizi hakijaliona. Fanya hivyo hivyo na faili linaloitwa jaribio.vbs lenye mstari mmoja, MsgBox "Nimefunguka".

Jaribio la tatu, nakili faili zote nne kwenye flashi, zifute kwenye kompyuta, toa flashi, ichomeke tena, uzifungue kutoka huko. Majibu yakiwa tofauti na ya mwanzo, umepata pengo la flashi. La nne, zima intaneti urudie. Faili la EICAR ambalo mafundi hulitumia ni la kupima antivairasi; kwa kizuizi halikuonyeshi kitu.

Ukiwa kwenye habari za flashi, jifunze kuutambua ule mchezo wa shortcut, maana bado unazunguka. Unachomeka flashi iliyotoka saiba, folda zako zinaonekana zipo, ila kila moja ina mshale mdogo pembeni ya ikoni. Usibonyeze mara mbili. Bonyeza kulia, Properties, usome sanduku la Target. Badala ya jina la folda utakuta cmd.exe au wscript.exe ikifuatwa na jina la faili geni. Folda zako halisi zimefichwa tu. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Nakili nyaraka zako, kisha uifomati flashi. Angalia kitu kimoja hapa: cmd.exe na wscript.exe ni za Microsoft, zina sahihi halali, ziko ndani ya folda ya Windows. Kizuizi kinachotazama exe peke yake kitaziruhusu bila wasiwasi. Ndiyo sababu nimelisisitiza swali la skripti.

Hatua ya 7: Kuishi nacho

Siku za mwanzo kiweke kwenye hali ya kujifunza au ya kurekodi tu, kama kinayo. Fungua programu zote za ile karatasi, chapisha ukurasa mmoja, ingia Zoom, halafu usome kumbukumbu: kingezuia nini? Ruhusu kilichomo kwenye karatasi, kisha ufunge. Kwa Controlled folder access, vilivyozuiwa utavikuta Protection history, na kuruhusu ni pale pale, Allow an app through Controlled folder access.

Kitu kikizuiwa baadaye, yeyote aliyekaa asimame, apige picha ya dirisha kwa simu, amtumie msimamizi. Msimamizi aangalie faili limetoka wapi, kisha alipakie VirusTotal, tovuti inayolipima faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Lakini nyaraka za siri, kama taarifa ya benki au nakala ya kitambulisho, usizipeleke huko, kwa kuwa kinachopakiwa huweza kuonwa na makampuni ya usalama yanayoshirikiana nao.

Msimu wa ritani, kabla ya tarehe 30 Juni, utapata mtihani wake. Fomu ya Excel ya iTax inafanya kazi kwa makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe, na Office tangu 2022 inazuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni. Kitufe cha Validate hakitaitika. Ukiwa na hakika fomu umeishusha mwenyewe kutoka tovuti ya iTax, ifunge Excel, bonyeza kulia faili, Properties, weka tiki kwenye Unblock. Fanya hivyo kwa faili hilo moja tu. Usiende kulegeza makro za Office nzima, hata mtu akuambie ndiyo njia ya mkato. Kizuizi kinaiona Excel, hakiioni makro iliyomo ndani yake.

Na programu ya bure ikikwambia "zima antivairasi kwanza", hasa zile za kuvunja leseni za Windows na Office, jibu ni hapana. LibreOffice ni ya bure kwa halali na inafungua hati za Word.

Kuna mengine ambayo kizuizi hakitakusaidia. Tovuti bandia inayokuomba nenosiri iko ndani ya kivinjari ulichokiruhusu. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali zenye sahihi, na matapeli wanaojifanya watu wa benki hupenda kukwambia uziweke ili waione skrini yako. Kama nyumba haizihitaji, zizuie kwa majina. Na nakala ya faili zako muhimu ikae kwenye diski ya nje ambayo haishindi imechomekwa.

Ukiniuliza ningechagua nini: nyumba yenye Windows 11 mpya, Smart App Control na Controlled folder access, pamoja na akaunti zilizotenganishwa, basi. Mwenye Pro anayeweza kukaa akasoma, AppLocker. Mwenye Windows 10 Home ambayo haiwezi kupanda, hapo ndipo kizuizi cha nje chenye nenosiri kinastahili pesa zake.

Hatua ya 8: Weka njia ya kutokea kabla hujaihitaji

Sheria moja mbaya inaweza kukataa hata programu za kuingilia. Jizoeze mapema: shikilia Shift ukibonyeza Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha 4. Hiyo ni Safe Mode, na vizuizi vingi vya nje vinaweza kuzimwa ukiwa humo. Kabla ya hapo hakikisha una ufunguo wa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, kwa kuwa laptopu nyingi huuliza namba hiyo njiani. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, utaupata aka.ms/myrecoverykey, ni tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, pamoja na nenosiri la msimamizi, uuweke zinapokaa hati za nyumba.